SOMA KICHWA CHA BOLTI KABLA YA KUIFUNGA

Lori la zamani likifufuliwa, watu hutazama injini, tairi na rangi. Bolti hakuna anayezitazama. Bolti ni kitu kidogo, na duniani kitu kidogo hudharauliwa. Lakini lori zima limeshikwa na bolti. Usukani umeshikwa na bolti. Springi zimeshikwa na bolti. Hata magurudumu hayana kingine kinachoyazuia yasiondoke ila nati zake.

Ndugu msomaji, huku kwetu Isikizya na katika vijiji vingine vya Wilaya ya Uyui, lori kuukuu si pambo la kuwekwa uani. Ni mali ya kufanyia kazi. Linabeba marobota ya tumbaku, magunia ya mahindi, mpunga na madumu ya asali. Likikwama porini wakati wa mvua, mazao yanalowa. Na likikatika springi au usukani likiwa kwenye mwendo, watu wanakufa. Basi jambo la bolti si la fundi peke yake. Ni la mwenye lori, dereva, na kila mwenye mzigo juu ya lori hilo.

Katika makala hii tutajifunza mambo manne:
1. Bolti inafanya kazi gani.
2. Namba na herufi za kichwani zinasema nini.
3. Kwa nini bolti za inchi na za milimita zisichanganywe.
4. Sehemu zipi za lori hazitaki mchezo.

KAZI YA BOLTI

Wengi hudhani bolti ni kama msumari, yaani kazi yake ni kuziba tundu ili vyuma viwili visiachane. Sivyo. Kazi ya bolti ni kubana.

Fikiria mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Ukiuvuta sawasawa ndipo ukaufunga, gunia halichezi. Mpira unataka kurudi ulivyokuwa, kwa hiyo unalibana gunia. Lakini ukiufunga bila kuuvuta, gunia litacheza, litausugua mpira, na kabla hujafika gulioni mpira umekatika.

Bolti nayo ni vivyo hivyo. Ukikaza nati, bolti inavutika kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Inataka kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo inavibana vile vyuma viwili. Vikibanwa vizuri havichezi. Vikianza kucheza, bolti inapigwa kila lori linapoingia katika shimo. Itapigwa leo, itapigwa kesho, na siku moja itakatika.

Sasa, mpira uliochoka ukiuvuta haurudi. Bolti dhaifu nayo ikikazwa kwa nguvu inavutika moja kwa moja wala hairudi. Fundi husikia spana inakwenda laini, nati inazunguka lakini haikazi. Hapo bolti imekwisha. Itupwe, isirudishwe sandukuni, maana kesho mtu mwingine ataiokota na kuifunga.

KICHWA CHA BOLTI KINA MAANDISHI

Wewe uliyehitimu kisomo unajua kusoma namba. Basi chukua bolti, futa grisi kwa kitambaa, uangalie juu ya kichwa chake. Bolti nyingi za milimita zina namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta, kama 4.6, 8.8, 10.9 au 12.9. Hizo ni namba za nguvu. Hazihusu urefu wala unene.

Namba ya kwanza inaonyesha uwezo wa chuma kabla hakijakatika. Ikiwa kubwa, chuma kina nguvu zaidi. Namba ya pili inaonyesha ni katika sehemu ngapi za kumi za uwezo huo bolti itaanza kuvutika isirudi tena. Kwa mfano, bolti ya 8.8 huanza kuvutika hivyo inapofikia sehemu 8 kati ya 10 za uwezo wake.

Tuchukue bolti mbili zenye unene wa milimita 12 na meno ya kawaida. Ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha. Moja imeandikwa 4.6, nyingine 8.8.

Ya 4.6 hukatika ikivutwa kwa uzito wa karibu tani 3 na nusu. Lakini huanza kuvutika isirudi ikifika tani 2 tu.

Ya 8.8 hukatika ikivutwa kwa karibu tani 7. Huanza kuvutika isirudi ikifika tani 5 na nusu hivi.

Unaona tofauti hiyo? Unene ni ule ule, lakini moja inaweza kubana zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Mtu asiyesoma kichwa atachagua ya bei ndogo, akidhani amepata nafuu.

Bolti za inchi za namna ya Kimarekani hazina namba hizo. Zina mistari midogo kichwani. Mistari 3 ni bolti yenye nguvu, karibu na 8.8. Mistari 6 ni yenye nguvu zaidi, karibu na 10.9. Ikiwa hakuna mstari, ichukulie kuwa dhaifu.

Pamoja na namba au mistari, bolti nzuri huwa na alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Bolti yenye kichwa kitupu kabisa inafaa kufungia ubao wa bodi au kibao cha namba. Haifai kwenye springi wala usukani.

Nati nayo ina namba. Bolti ya 8.8 hufungwa na nati ya namba 8. Bolti ya 10.9 hufungwa na nati ya namba 10. Ukiweka nati dhaifu kwenye bolti yenye nguvu, meno ya nati yatachubuka. Bolti itabaki nzima, lakini haishiki kitu.

Jihadhari pia na bolti zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu. Ni nzuri kwa macho na zinafaa mahali penye maji. Lakini nyingi zina nguvu chini ya 8.8. Mng'ao si nguvu.

KWA NINI KUNA INCHI NA MILIMITA?

Katika karne ya 19 misafara ilipita Tabora ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na waliporudi walibeba vitambaa, shanga na nyaya. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole. Sasa mkono wa nani? Mtu mrefu ana mkono mrefu, mfupi ana mkono mfupi. Kila mwenye mkono wake alikuwa na kipimo chake, na hapo ugomvi haukosekani.

Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa na taabu ya namna hiyo hiyo. Kila kiwanda kilichonga meno ya bolti kwa kipimo chake. Mwaka 1841 Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi yake. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza kingine kwa nchi yake. Meno ya vipimo hivi viwili hayakulingana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja, lakini nati ya huyu haikuingia bolti ya yule. Baada ya vita, mwaka 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia meno ya namna moja ya inchi. Wakati huo nchi nyingi za Ulaya bara zilitumia milimita. Baadaye, tangu miaka ya 1960, Uingereza nayo ilianza kuhamia milimita.

Historia hiyo yote imelala ndani ya magari ya zamani tuliyo nayo. Land Rover za kwanza kabisa, za mwaka 1948 mpaka 1958, zina bolti nyingi za kipimo cha zamani cha Kiingereza. Lori la Bedford namna ya TJ, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, lina bolti nyingi za inchi. Trekta la Massey Ferguson 135 nalo ni la inchi. Malori ya Isuzu na Fuso kutoka Japani ni ya milimita.

Halafu kuna jambo la tatu. Lori likikaa miaka 40 au 50 hupita katika mikono mingi. Huyu ametia injini ya Isuzu ndani ya Bedford. Yule amebadili giaboksi. Mwingine amepanua tundu akaweka bolti aliyokuwa nayo mfukoni. Basi katika lori moja utakuta inchi na milimita zimekaa pamoja. Usiseme, "Lori hili ni la Mwingereza, kwa hiyo bolti zote ni za inchi." Pima kila moja.

SPANA SI KIPIMO CHA BOLTI

Tuseme mzee mmoja amekwenda Tabora mjini kwenye duka la spea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe bolti nane za namba kumi na tisa."

"Kumi na tisa ni spana, mzee. Bolti yenyewe ni ya inchi au ya milimita?"

"Mimi nafungua kwa spana kumi na tisa. Nipe hizo hizo."

Mzee huyu hana kosa la kusema uongo. Spana ya 19 kweli inaingia. Lakini spana ya 19 inaingia kwenye kichwa cha bolti nyingi za milimita 12. Inaingia vile vile kwenye kichwa cha bolti nyingi za nusu inchi, maana kichwa hicho kina upana wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 na kidogo. Vichwa vinalingana, miili hailingani. Nusu inchi ni milimita 12.7.

Nati ya nusu inchi ukiitia kwenye bolti ya milimita 12 itaingia kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Itashika kwa ncha za meno tu. Ukikaza kidogo utadhani imekubali. Barabara ya mashimo itakuonyesha.

Ndivyo ilivyo pia kwa spana ya 13. Inafungua bolti ya milimita 8, na inafungua bolti ya inchi ambayo kichwa chake ni nusu inchi. Kwa hiyo usinunue bolti kwa namba ya spana.

JINSI YA KUPIMA

Kwanza, beba bolti ya zamani na nati yake. Iweke katika mfuko mdogo pamoja na karatasi. Andika imetoka wapi: "springi ya nyuma kushoto" au "propela shafti". Usitegemee kichwa chako kukumbuka bolti 30.

Pili, pima unene wa sehemu yenye meno. Kama fundi ana venia, atumie hiyo. Rula peke yake haitoshi kutenganisha milimita 12 na nusu inchi.

Tatu, hesabu meno. Weka rula ubavuni, uhesabu meno yaliyo ndani ya inchi moja, yaani milimita 25 na nukta nne. Bolti ya nusu inchi ya tangu makubaliano ya 1948 ina meno 13 ikiwa ya meno makubwa, na meno 20 ikiwa ya meno madogo. Kwenye paketi ya meno makubwa huandikwa UNC, na ya meno madogo UNF. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12. Mtu akiona 12 na 13 atasema ni karibu sawa. Lakini nati itaingia mizunguko michache, kisha itakwama. Ukiilazimisha kwa bomba refu, meno yote yataharibika.

Nne, kama huna vifaa, tumia jicho. Chukua bolti mpya na ya zamani. Zilaze ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, uziinue kwenye mwanga. Zikilingana, meno yatakaa pamoja mwanzo mpaka mwisho bila mwanya. Zikitofautiana, utaona mwanga unapenya katikati.

Tano, ingiza nati kwa vidole. Kwenye bolti safi nati iende kwa vidole mpaka mwisho, bila kukwama na bila kuyumba. Ikihitaji spana tangu mwanzo, simama. Ikiyumbayumba, simama vile vile.

Sita, angalia urefu. Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Nati ikishakazwa, meno mawili au matatu yaonekane nje. Yasipoonekana, bolti ni fupi mno.

SEHEMU ZISIZOTAKA MCHEZO

Bodi likipoteza bolti moja, litapiga kelele. Lakini sehemu hizi zifuatazo zikipoteza bolti, hazikupi nafasi ya pili.

Usukani. Bolti na nati za usukani ziwe za aina ile ile iliyowekwa na kiwanda. Nati nyingi za hapa zina matundu ya kupitisha pini ndogo yenye miguu miwili, ambayo mafundi huiita kota pini. Pini hiyo ikitolewa, weka mpya. Waya au msumari haufai.

Springi. Springi imefungwa kwenye ekseli na bolti zilizopindwa kama herufi U. Wapo wanaozichonga kwa kupasha moto nondo ya kujengea na kuipinda. Nondo imetengenezwa ili ishike zege, haikutengenezwa kwa kuvutwa na kupigwa kila siku chini ya tani kadhaa. Nunua za lori. Na springi ikifunguliwa kwa matengenezo, weka mpya, maana za zamani zimekwisha kuvutika.

Propela shafti. Hii huzunguka kwa kasi chini ya lori. Bolti zake zikikatika, shafti huanguka na kupiga kila kitu, hata mabomba ya breki. Tumia bolti za nguvu ile ile ya kiwanda, na zote za aina moja.

Magurudumu. Katika malori mengi ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume cha desturi. Zinakazwa kwa kuzungusha kushoto. Mara nyingi utaona herufi L kwenye ncha ya bolti. Asiyesoma herufi hiyo huongeza nguvu, akidhani anafungua, kumbe anakaza mpaka bolti inakatika. Angalia pia umbo la nati. Nati yenye mdomo wa mviringo hukaa katika tundu lenye umbo hilo. Nati bapa haifai hapo.

Breki na injini. Bolti za kichwa cha injini na za breki zisitafutwe katika kopo la bolti kuukuu. Ziagizwe kwa jina la gari na namba ya injini.

JE, BOLTI YENYE NGUVU ZAIDI NI BORA ZAIDI?

Hapana, si kila mahali. Bolti ya 12.9 ni ngumu sana, na chuma kigumu sana kinaweza kukatika ghafla kama kijiti kikavu. Tena mashine nyingine za shamba zina bolti iliyowekwa makusudi ikatike, ili jembe likigonga kisiki ikatike bolti, mashine ipone. Ukiweka yenye nguvu zaidi, bolti itapona na mashine itavunjika. Kanuni ni moja: rudisha nguvu ile ile iliyokuwapo kiwandani.

Usiichome bolti yenye nguvu kwa welding. Bolti za 8.8 na kuendelea zimepata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu. Moto wa welding unaivuruga kazi hiyo. Namba itabaki kichwani, lakini nguvu imekwisha kuondoka.

KUFUNGA

Safisha meno. Toa kutu na mchanga. Ingiza kwa vidole kwanza. Magurudumu yakazwe kwa msalaba: nati hii, kisha ya upande wa pili, mpaka zote. Usizifuate kwa mzunguko. Kisha lori likienda kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena, maana vyuma vipya hujikalia. Kila asubuhi dereva azitazame. Mstari wa kutu unaotoka chini ya nati ni dalili kwamba imelegea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bolti chache za springi zinaweza kuonekana ghali mbele ya muuza duka. Zilinganishe na springi, ekseli, mzigo wa msimu mzima, na maisha ya dereva na utingo wake.

MANENO MAGUMU

Venia: kifaa cha kupimia unene wa kitu kwa usahihi.
Ekseli: chuma kinachobeba magurudumu mawili, moja kila upande.
Propela shafti: chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.
Kuchubuka: meno ya bolti au nati kukwanguka yasishike tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kusanyeni bolti kumi za aina yoyote kijijini. Ni ngapi zina namba au mistari kichwani? Ni ngapi zina vichwa vitupu?
2. Kwa nini spana ya 19 haiwezi kutuambia bolti ni ya inchi au ya milimita?
3. Kikundi chenu kina lori. Fundi anasema springi zifungwe kwa nondo iliyopindwa ili kuokoa fedha. Mtamjibu nini, na kwa sababu gani?